Nimeacha kuchomelea bodi, sasa natengeneza sinthesaiza za kwenye kompyuta

Kila nikikutana na mtu aliyewahi kununua sinthesaiza yangu ya zamani swali ni lile lile, mbona uliacha? Jibu fupi ni chipu. Jibu refu ndo hili hapa, na sio la chipu peke yake, maana chipu zilirudi sokoni na mimi sikurudi.

Kwa asiyejua, sinthesaiza ni kinanda ambacho hakihitaji sauti iliyorekodiwa, kinaitengeneza hapo hapo: osileta inatoa wimbi, filta inalichuja, kuna sehemu inaamua sauti ianze vipi na ife vipi, basi. Zile za analojia, ambazo ndo nilikuwa natengeneza mimi, yote hayo ni sakiti ya kweli, transista na kapasita na volti zinapita. Yangu ilikuwa na voisi 4, yaani ukibonyeza noti ya tano lazima moja kati ya zile za mwanzo ikatike. Watu wakiniuliza mbona 4 tu nawajibu Prophet-5, sinthesaiza maarufu ya mwaka 1978, ilikuwa na 5 na ndo hiyo mpaka leo inatafutwa. Ukweli ni kwamba kila voisi ni sakiti kamili inayojirudia, osileta zake filta yake, ukiongeza moja umeongeza joto, umeongeza ukubwa wa boksi, umeongeza vitu vya kuharibika na muda wa kutyuni, kwahiyo namba 4 sikuichagua kwa sababu ya muziki, niliichagua kwa sababu bodi ilikuwa imejaa. Hili likumbuke, nitalirudia.

Sasa chipu. Oktoba 2020 kiwanda kikubwa cha chipu za sauti huko Nobeoka, Japani, kiliungua moto, na pale ndo zilikuwa zinatoka chipu za kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti zinazotumika kwenye vifaa vingi mno vya studio. Wakati huo huo korona imeshavuruga viwanda dunia nzima, magari yanataka chipu, kompyuta zinataka chipu, mtengenezaji mdogo kama mimi unasimama nyuma kabisa ya foleni. Na cha kuchekesha, chipu za osileta mimi nilikuwa nazo! CEM3340, ile ile ya enzi za Prophet-5, ilisharudishwa sokoni na kuna nyingine za aina yake kama AS3340 inayotoka Latvia. Nilichokosa ni kiprosesa kidogo cha kusoma nobu (vile vitufe vya kuzungusha) na kutunza priseti (sauti ulizokwishapanga), kitu ambacho hata hakigusi sauti. Maboksi ya chuma yapo, paneli zimeshachapwa, watu wameshalipa kianzio, na wewe umekaa unasubiri kitu cha ukubwa wa ukucha ambacho muuzaji anakwambia labda mwakani.

Hapo ndo niliielewa vizuri hela ya hii kazi. Kwenye mashine za kushikika hela inatoka kabla, unanunua kila kitu, unakusanya, unapima, ndo uuze, na ukishauza ukiacha matengenezo ya hapa na pale umemaliza. Nilipokuwa naangalia programu kwa mbali nilikuwa naona tu ile sehemu tamu, kwamba hakuna stoku, hakuna posta, hakuna boksi lililobondwa njiani. Ila programu hela yake inatoka baada, tena haiachi kutoka, ukiuza leo umejifunga kuihudumia miaka na miaka na hujui ni mingapi.

Njia yenyewe sio mimi niliyeifungua. Dave Smith, huyo huyo wa Prophet-5 na mmoja wa waliotuletea MIDI (lugha ambayo vinanda na kompyuta vinaongea), kampuni yake ilifika mwisho mwaka 1987 na miaka kumi baadaye akawa kwenye timu ya Seer Systems iliyotoa Reality, sinthesaiza inayoendeshwa na prosesa ya PC ya kawaida. Wolfgang Palm wa PPG, kampuni nyingine ya sinthesaiza, naye alikuja kutengeneza programu za iPad baada ya zile mashine zake kubwa za bluu. Kwahiyo nilikuwa na wazee wa kuwatazama. (Dave Smith mwaka 2002 alirudi kwenye mashine na Evolver na hakutazama nyuma tena, hiyo nayo nilikuwa naijua, nikaamua nisiifikirie sana.)

Kitu cha kwanza nilichobeba kwenda kwenye kompyuta ni michoro ya sakiti, nikiamini ndo mali yangu. Michoro ilisaidia kidogo tu. Mchoro unakwambia rizista hii ni kilo-omu 100, haukwambii kwamba kwenye bodi halisi ni 99.3 na ya jirani yake ni 100.6. Mali ilikuwa kwingine kabisa, kwenye makaratasi ya vipimo. Kila mashine kabla haijatoka nilikuwa naipima voisi moja moja, filta inafunguka mpaka wapi, sauti inachukua milisekunde ngapi kuzima, osileta inakosea senti ngapi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni) ikiwa baridi na ngapi ikishapata moto, naandika kwenye karatasi naifungia kwenye faili ili siku ikirudi kwa matengenezo nijue ilikuwaje. Niliyaweka kwa sababu za kifundi tu. Kumbe yale makaratasi ndo sauti yenyewe.

Maana toleo la kwanza kabisa la plagini, yaani sinthesaiza inayofunguka ndani ya programu ya kurekodi, lilikuwa safi kupita kiasi. Voisi zote 4 zinafanana kama zimetoka kwenye mashine ya fotokopi. Na mimi nimetumia miaka mingi ya maisha yangu kupigana na ile tofauti! Kwenye analojia oktavi moja ni volti 1, kwahiyo senti moja ya tyuni ni chini ya milivolti moja, na transista inahama na joto, unatafuta rizista maalumu inayobadilika sehemu 3,300 kwa milioni kwa kila digrii unaigundisha juu ya transista ili zipate joto pamoja zifutane, halafu bado haikai sawasawa. Kwenye kompyuta inakaa sawasawa bila wewe kufanya chochote na watu wanakwambia imekufa.

Nikaona wengi wanatatua hilo kwa kuweka bahati nasibu kidogo kwenye tyuni, nikaweka na mimi, ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa. Mashine haifanyi vile. Mashine tofauti zake zimekaa pale pale, voisi ya tatu siku zote filta yake iko chini kidogo, voisi ya kwanza siku zote inazima haraka kuliko wenzake, na juu ya hapo kuna kuhama polepole sana kwa joto ambako husikii kukitokea. Nikachukua makaratasi nikaingiza namba za mashine za kweli, ukifungua plagini unapata moja kati ya zile mashine na tabia zake zote, ukitaka unachagua nyingine. Hiyo ndo ilikuwa siku nilipoacha kuhisi natengeneza kopi.

Sehemu ya hesabu nitaieleza kidogo kwa sababu fundi wa sakiti anayetaka kuhama atakutana nayo mlangoni kabisa. Wimbi la msumeno kwenye sakiti ni kapasita inajaa halafu inamwagwa, imeisha. Ukiliandika hivo hivo kwenye kodi (maandishi ya programu) linatoa kelele mbaya, na sababu ni kwamba kompyuta inachukua sauti kwa vipande, tuseme 44,100 kwa sekunde, na haiwezi kubeba kitu chochote kilicho juu ya nusu ya hapo, yaani 22,050. Msumeno wa hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) una haamoniki, yaani sauti za juu zinazoongozana na noti, 2,000, 3,000, 4,000 unaenda bila mwisho, ile ya 23,000 haipotei, inagonga ule ukomo na kurudi chini kama mpira uliogonga ukuta, unaisikia kwenye 21,100, ambayo haina uhusiano wowote na noti uliyopiga. Na ya 24,000 inarudi kwenye 20,100, na kuendelea hivo. Ukipanda noti za juu zile takataka zinashuka huku noti inapanda, sikio linakataa kabisa. Dawa zipo, watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walishaandika tangu 1996 namna ya kutengeneza mawimbi yenye ukomo, na leo wengi wanatumia mbinu ya kulainisha pale wimbi linapokatika, lakini kwa mtu uliyetoka kwenye kapasita unajiuliza hivi kweli kitu kilichokuwa cha sehemu tatu kimekuwa kurasa mbili za kodi?

Filta ndo mbaya zaidi. Ile ya ngazi ya Robert Moog ina hatua 4, kila hatua inakata desibeli 6 kwa oktavi, jumla 24, halafu sauti ya kutokea inarudishwa kuingia ndo unapata ule mlio mkali pale filta inapokatia. Kwenye sakiti inarudi papo hapo. Kwenye kodi ili ujue cha kutoka unahitaji cha kurudi, na cha kurudi ndo hicho cha kutoka, kwahiyo wavivu tunachukua cha kipande kilichopita, na hicho kichelewo cha kipande kimoja kinatosha kuharibu tyuni ya filta ukiifungua juu. Ukitaka vizuri lazima utatue hesabu ya mzunguko mzima kila kipande, na transista hazifuati mstari ulionyooka, zinakunja, kwahiyo unakadiria, unasahihisha, unakadiria tena. Ongeza kwamba ili ile kunja isizae takataka nyingine inabidi uendeshe filta mara 4 ya kasi, 48,000 inakuwa 192,000 kwa sekunde, mara voisi. Prosesa inalia. Niligundua kwamba lile swali la bodi iliyojaa limenifuata, limebadilisha nguo tu.

Tena kompyuta ina kitu ambacho sakiti haina, tarehe ya mwisho. Programu ya kurekodi inakuomba sauti kwa mafungu, fungu la vipande 128 kwenye 48,000 ni milisekunde 2.67, usipomaliza ndani ya hapo mteja anasikia tak, tak. Ndani ya huo muda huruhusiwi kusoma diski, huruhusiwi kuomba memori, huruhusiwi kusubiri mtu. Na kuna mdudu mmoja alinikosesha raha sana: prosesa ilikuwa inapanda juu pale ambapo hakuna sauti. Unapiga noti mzigo wa kawaida, unaachia, noti inafifia, kimya, mzigo unapaa! Mtu wa umeme hiyo haikuingii akilini, sakiti iliyokimya haina kazi. Kumbe namba zikiwa ndogo sana karibu na sifuri prosesa zinazihesabu kwa njia ya taratibu, na filta inayofifia inatoa namba hizo kwa mamilioni. Unawasha swichi moja inayosema ukiona kadogo hivo andika sifuri, tatizo limekwisha. Hamna mtu anayekufundisha haya kwenye kuchomelea.

Nije kwenye nobu. Kuna daftari lingine nililobeba, la matengenezo. Mashine ikirudi naandika kilichochakaa, na kwa miaka ile karibu kila mara ilikuwa nobu ya kufungua filta, inafuata ya muda wa kuzima sauti, halafu ya mlio. Kuna nobu nyingine hazikuwahi kurudi zimechakaa hata moja, mpya kabisa, watu hawazigusi. Kwahiyo nilipokuwa nachora sura ya plagini sikufanya utafiti wala sikuuliza mtu, nilifungua daftari, zinazochakaa nikazifanya kubwa nikaziweka karibu, zisizochakaa nikazibana pembeni, na mbili nikazitoa kabisa. Hakuna aliyeziulizia mpaka leo.

Ila kuzungusha kwa mausi sio kuzungusha. Watu wanaunganisha kinanda chenye nobu kupitia MIDI, na MIDI ya 1983 kwa ujumbe wa kawaida inatoa namba 0 mpaka 127, sasa filta inayotembea oktavi 10 ukiigawa kwa hatua hizo kila hatua ni karibu nusutoni nzima, unasikia ngazi, trrrrr. Lazima ulainishe katikati ya hatua, na ukilainisha sana inakuwa inachelewa mkono, ukilainisha kidogo ngazi zinarudi. Hilo nalichezea mpaka leo kila toleo. Na bado naiheshimu MIDI, kinanda cha miaka ya 80 ukikipatia waya wa kwenye kompyuta kinaongea bila shida, wakati programu ya juzi tu haifunguki.

Na hapa ndo nafika kwenye kitu kilichonibadilisha kichwa kweli. Bodi ikiwa mbovu ni mbovu hiyo bodi. Bagi, yaani kosa, kwenye programu ni la wote siku moja, sawa, na dawa nayo inawafikia wote siku moja, hilo watu wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba kuna siku kutengeneza ndo kuharibu. Nilipoboresha filta, nikaiweka karibu zaidi na vipimo vya mashine, nikatoa apdeti kwa furaha zote, mteja mmoja akaniandikia kwa upole kabisa kwamba nyimbo zake zimebadilika. Alikuwa na mradi aliokwishaumaliza, anaufungua kubadilisha maneno mawili ya mwimbaji, besi sio ile. Filta mpya ilikuwa sahihi zaidi na yeye wala hakuhitaji usahihi, alihitaji besi yake.

Kwenye mashine hilo halipo. Prophet-5 ilibadilishwa chipu ndani kutoka SSM kwenda CEM kwenye Rev 3 (toleo la tatu), na watu wanabishana mpaka kesho ipi tamu, lakini mwenye Rev 2 hakuamka asubuhi akakuta yake imekuwa Rev 3. Plagini inaamka hivo. Tangu hapo filta ya zamani inakaa ndani ya kodi, na dosari zake, kila wimbo unaohifadhiwa unaandikwa ulitumia filta ipi, na ukiufungua unapewa hiyo hiyo. Majina ya ndani ya nobu siyagusi, mpangilio wake siugusi, hata palipo na herufi iliyokosewa naiacha ilivyo maana nikiisahihisha kuna wimbo wa mtu utapoteza otomesheni yake (mizunguko ya nobu aliyoirekodi). Nabeba makosa yangu yote ya zamani kama mali ya wateja, maana ni mali ya wateja.

Huku chini nako sakafu inahama. Oktoba 2018 Steinberg walisimamisha kutoa leseni mpya za VST2, muundo wa zamani wa plagini, ukianza sasa unaanza na VST3. 2019 macOS Catalina ikaacha programu za biti 32. 2020 Apple wakatoa kompyuta zenye prosesa zao wenyewe, unajenga upya kila kitu. 2022 ikaja CLAP, muundo mwingine wa plagini, nayo wateja wanaitaka. Hakuna hata kimoja hapo kinachofanya sauti iwe nzuri zaidi, ni kukimbia ili ubaki pale pale. Nimejifunza kuweka muda wa hivo vitu kwanza kwenye kalenda, ndo vipya vifuate, na mwaka mwingine vipya havifuati.

Wizi wa programu? Upo, nimeshaona plagini yangu imefunguliwa na kugawiwa. Nilifikiria kufuli kali nikaacha, kwa sababu kufuli kali linamsumbua aliyelipa tu, aliyeiba anatumia iliyoshafunguliwa. Namba ya siri moja, haihitaji intaneti, tumemalizana.

Turudi kwenye zile voisi 4. Kwenye kompyuta 4 ni namba tu kwenye mstari mmoja, badilisha iwe 16, hifadhi. Na maombi ndo hayo kila siku, mkuu ongeza voisi, ongeza osileta ya tatu, weka na mwangwi ndani, kuna jamaa anataka awe na mawimbi yake mwenyewe. Zamani nilikuwa na jibu zuri la kukataa, paneli imejaa, shimo la nobu halina pa kukaa, na mteja anaelewa kwa sababu anaiona paneli. Sasa sina kisingizio, hapana yangu ni yangu mimi, na inaniwia ngumu kuliko hesabu zote za filta. Nikitaka kukubali najiuliza hii nobu ingekuwa ya kweli, ningeichimbia shimo, ningeinunulia chuma, ningeipima kwenye kila mashine? Tisa kati ya kumi nagundua nisingechimba. Voisi nilipandisha mpaka 6 kwa sababu mikono miwili ikipiga noti nyingi kwa pamoja zilizotanuka, voisi 4 zinaonea watu. Juu ya 6 filta zikiwa wazi zote sauti inajaa matope, nimesikiliza sana, na hapo nilisimama.

Ninachofanya sasa hivi ni toleo la pili, na litakuwa plagini tofauti yenye jina lake, linakaa pembeni ya la kwanza bila kuligusa, aliye na nyimbo kwenye la kwanza anaendelea nalo. Osileta zimeshakamilika. Filta inafanya vizuri kwenye 48,000 ila mtu akifungua mradi wa 96,000 ule mlio unapanda kidogo kuliko inavyotakiwa, na vipimo vyangu vya makaratasi kwenye masafa ya juu vile ni vichache, kwahiyo nimetoa mashine moja ya zamani kabatini, nimefungua kifuniko, naipima upya voisi moja moja.